Kishikwambi kidogo: namna ya kukichagua, kukikagua dukani na kukipa kazi

Watu wanaoingia dukani kwetu Morogoro kutoa kopi huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Kaka, nikinunua hiki kidude kitanifaa?" Kidude chenyewe ni kishikwambi cha inchi 7, 8 au 8 na kitu, kile ambacho wenzetu wa Kenya hukiita tableti. Mimi huwajibu kwa swali: kitafanya kazi gani? Wengi hukwama hapo hapo. Simu wanajua inafanya nini, kompyuta wanajua inafanya nini, hiki cha katikati wanakitamani tu. Na kilichonunuliwa kwa kutamaniwa, mwezi wa kwanza kinaonyesha katuni, wa pili kimepasuka kioo, wa tatu kiko kabatini chini ya mashuka.

Mimi ninavyo viwili. Kimoja kinashika daftari la mauzo hapa dukani, kingine kiko nyumbani kwa kusomea. Kuna cha tatu pia, feki, nacho kilinifundisha kuliko hivyo viwili. Nitakifikia.

Kwanza chukua rula

Vishikwambi vidogo vingi vya sasa vina kioo cha inchi 8 hadi 8.7. Kipimo hicho huchukuliwa kona hadi kona, ndiyo maana kinadanganya. Ukisikia simu ni inchi 6.5 na kishikwambi ni 8.7 unaona tofauti ni ndogo tu. Pima. Kioo cha simu ya namna hiyo ni kirefu chembamba, kama sentimita 15 kwa 6.8. Cha kishikwambi ni sentimita 19 kwa 11.3. Ukizidisha, simu inakupa sentimita za mraba 102 na kishikwambi 215. Ni zaidi ya mara mbili, na jicho linaiona tofauti hiyo tangu siku ya kwanza.

Kile cha inchi 10 kina nafasi zaidi, karibu sentimita za mraba 295, lakini uzito wake unakaribia nusu kilo. Kidogo kina gramu 330 hadi 370 hivi. Ukiwa umekaa mezani huoni tofauti. Ukiwa umesimama mlangoni kwa mtu, mkono mmoja umekishika na mwingine unaandika, baada ya dakika 10 utaijua.

Steve Jobs wa Apple hakuliamini umbo hili. Oktoba 2010 alisema vishikwambi vya inchi 7 vitakufa vikifika sokoni, na kwamba watengenezaji wavifungashe pamoja na msasa ili watumiaji wapunguze vidole vyao. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2012, kampuni yake ikatangaza iPad mini ya inchi 7.9. Vidole vya watu havikupungua, ila watu walitaka kifaa kinachoshikika.

Kipe kazi kabla hujakinunua

Chukua karatasi, andika sentensi moja: "Kishikwambi hiki ni cha ..." Kama sentensi yako ina "na" tatu, rudi nyuma. Kifaa hiki kinalipa kikipewa kazi moja kubwa na mbili ndogo. Kikifanywa simu kubwa ya familia nzima hakilipi.

Mfano mzuri wa kazi moja tuliuona wenyewe wakati wa sensa. Neno kishikwambi lenyewe wengi tulilizoea mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba baada ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Karani alisimama barazani, akauliza, akagusa, akahama. Tanzania ikahesabiwa watu 61,741,120. Kenya walikuwa wamefanya vivyo hivyo Agosti 2019, wakapata 47,564,296. Kompyuta mpakato isingefaa kazi ile, maana huwezi kuandika nayo umesimama. Simu ingefaa kidogo, lakini maswali marefu yenye majibu mengi ya kuchagua yangebanana kwenye kioo chake.

Kazi zinazokifaa, kwa niliyoyaona: kusoma vitabu na nyaraka, kushika hesabu za duka au kikoba, kukusanya taarifa za utafiti shambani, masomo ya mtoto, na mawasiliano ya mzee ambaye maandishi ya simu yanamtesa. Kazi zisizokifaa: kuandika ripoti ndefu (kibodi ya kioo inachosha, na ukinunua ya bluetooth unaanza kubeba vitu viwili), kupiga picha za sherehe, na miamala ya pesa kwa simu. Hili la mwisho huwashangaza wengi. Baadhi ya vishikwambi vinavyopokea laini huitumia kwa intaneti tu, havina sehemu ya kupiga. Kwenye hivyo, ukibonyeza *150*00# ya M-Pesa, au *334# kwa Kenya, hapatokei kitu. Kama wewe ni wakala ukadhani utakitumia badala ya simu, jaribu dukani kabla ya kulipa.

Sifa za kutazama na za kupuuza

RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi: GB 4 ndiyo sakafu. Chenye GB 2 kitafungua ukurasa, ukienda kujibu ujumbe na kurudi kinaanza kuufungua upya, na bando linaliwa tena. Tahadhari na maandishi ya "8GB" ambayo chini yake kwa herufi ndogo kuna "4+4". Hiyo nne ya pili si RAM, ni nafasi ya kuhifadhia inayoazimwa, na ni ya polepole. Wewe hesabu nne.

Hifadhi ya ndani: GB 64 inatosha mtu mmoja, mradi kiwe na tundu la memori kadi. Cha GB 32 hukusumbua mapema, kwa sababu mfumo wenyewe unakaa humo na kuchukua sehemu nzuri.

Waifai pekee au cha laini? Kama una simu inayogawa intaneti kwa hotspoti na kishikwambi hakitoki nyumbani, cha waifai kinatosha, hiyo pesa ya laini weka kwenye kava. Kama ni cha utafiti au cha kuzunguka nacho, nunua cha laini, na uulize pia kama kina GPS, kwani baadhi ya vile vya waifai hukosa.

Kamera, watu huipa uzito usio wake. Megapikseli za kishikwambi zipuuze kabisa. Swali ni moja tu: kamera inajirekebisha yenyewe kwa kitu cha karibu? Vingi vya bei ya chini vina lenzi isiyosogea, kwa hiyo uso wa mtu unatoka vizuri lakini risiti inatoka ukungu. Hapa kwetu watu hutuma vyeti vya kuskani kila siku, na namjua aliyepiga kwa kamera ya aina hiyo kabla hajasema. Jaribio lake: piga picha karatasi yenye maandishi madogo kutoka umbali wa shubiri moja, kisha ikuze. Kama husomi, achana nacho, isipokuwa kazi yako haina karatasi.

Tundu la chaji liwe USB-C. Na waulize wamiliki wa aina hiyohiyo kama kava zake zinapatikana. Aina isiyojulikana haina kava wala kioo cha kubadilisha, na siku kinapoanguka ndipo fundi anakuambia hajawahi kukiona.

Nilivyouziwa GB 256 zilizokuwa 16

Sasa kile cha tatu. Nilikinunua Dar, duka silitaji, shilingi 150,000. Boksi limeandikwa RAM GB 8, hifadhi GB 256, Android 12. Nilifungua Mipangilio dukani, vyote vikaonekana hivyohivyo. Nikalipa, nikapanda basi.

Usiku huo nikaanza kunakili vitabu vyangu kutoka kwenye kompyuta, kama GB 40. Kikaenda vizuri, kikasimama kwenye 11, kikaandika hakuna nafasi. Narudi kwenye Mipangilio, kinasema bado kuna zaidi ya GB 200 tupu. Nikaenda kwenye "Kuhusu kifaa", nikagonga mara tatu haraka kwenye mstari wa toleo la Android. Hicho ni kichezeo ambacho Google huweka katika kila toleo, na kila moja lina chake. Android 12 ilipaswa kuleta saa kubwa ya mishale. Kikaniletea biskuti ya Oreo, nikaibonyeza, akatokea pweza. Pweza ni wa Android 8, ya mwaka 2017. Aliyekitengeneza alibadilisha maandishi ya Mipangilio tu, pweza akamsahau.

Tangu hapo hukagua hivi, na muuzaji mwaminifu hakasiriki:

Washa kifaa, nenda kwenye toleo la Android, gonga mara tatu. Kikileta picha isiyolingana na namba iliyoandikwa, kirudishe kwenye boksi.

Fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya "Kuhusu". Humo huandikwa kama kifaa kimeidhinishwa. Kisichoidhinishwa kinaweza kuonekana kizuri leo na kukataa programu muhimu kesho.

Kama kinapokea laini, bonyeza *#06# au tafuta namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye Mipangilio, uilinganishe na ya kwenye boksi. Kwa Tanzania itume kwa ujumbe kwenda 15090, utajibiwa jina la mtengenezaji na aina ya kifaa. Jibu likitaja kitu kingine na kilicho mkononi mwako, umeshajua. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu feki Juni 2016, na vishikwambi vya laini navyo hutambuliwa kwa namba hiyohiyo. Cha waifai pekee hakina IMEI, usihangaike.

Shika ikoni yoyote kwa kidole, iburute polepole kona zote nne na katikati. Ikidondoka mahali pamoja kila ukipita, tachi ina ugonjwa. Fungua ukurasa mweupe, ongeza mwanga mpaka mwisho, tafuta vidoti na madoa. Chomeka chaja, usogeze waya kidogo: alama ya chaji isiwakewake. Cheza sauti. Weka laini yako mwenyewe, fungua ukurasa wa intaneti.

Kama ni cha mtumba, kuna moja linalozidi yote. Mwambie muuzaji akirudishe kama kilivyotoka kiwandani, mbele yako, halafu wewe ukiwashe upya mpaka mwisho. Android tangu toleo la 5.1 hudai akaunti ya mwenye kifaa wa zamani baada ya kufutwa kwa njia isiyo halali, na iPad nayo ina kufuli lake. Kikikuomba akaunti ya mtu usiyemjua, au kikiandika kwamba kinasimamiwa na taasisi, ondoka. Kinaweza kuwa cha shule, cha mradi au cha wizi, na "fundi wangu ataitoa hiyo" isiwe sababu ya kulipa.

Dai risiti ya EFD na waranti yenye muhuri. Kariakoo au Luthuli ya Nairobi, muuzaji asiyetaka kuandika jina la duka lake kwenye karatasi amekwisha kukuambia mambo mengi.

Usiku wa kwanza

Usimpe mtoto. Kiache kichaji, unganisha waifai, kisasishe mpaka kiseme hakuna sasisho tena. Hili linaweza kula GB kadhaa, kwa hiyo usilifanye kwa bando la siku. Badili lugha iwe Kiswahili ukitaka, Android inayo. Ondoa programu zilizokuja nacho ambazo hutazitumia, zisizoondoka zizime. Weka namba ya siri, washa huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea. Kwenye Play Store ruhusu masasisho kwa waifai pekee.

Laini unayoweka humo iwe imesajiliwa kwa alama zako za vidole mwenyewe. Bando lake utalinunua ukiwa kwenye simu, kwa kuchagua kununulia namba nyingine, au utaitoa laini uiweke kwenye simu dakika mbili, kisha uirudishe.

Halafu fungua ukurasa wa kwanza wa kifaa na uondoe kila kitu isipokuwa programu za ile kazi uliyoiandika kwenye karatasi. Kama ni cha hesabu, ukikiwasha uone hesabu. YouTube kama lazima ibaki, iwe mbali na kidole. Linaonekana jambo dogo, ila ndilo lililofanya cha dukani kwangu kiendelee kuwa cha dukani.

Kusoma bila kuumia macho

Nyaraka zetu nyingi ni PDF za A4: mitaala, sheria, notisi za chuo, mitihani iliyopita. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Kishikwambi kikiwa wima kina 11.3, kwa hiyo ukurasa unabanwa hadi asilimia 54, na herufi za pointi 12 zinakuwa kama za 6 na nusu, ukubwa wa maandishi ya kwenye boksi la dawa. Watu hapo husema kishikwambi kidogo hakisomeki, wakakiuza.

Kilaze. Kikiwa mlalo upana ni sentimita 19, ukurasa unakuwa asilimia 90 ya ukubwa wake halisi. Utaona chini ya nusu ya urefu wake kwa wakati mmoja, na unasogeza kwa kidole gumba. Kisha tumia programu ya kusomea inayokata pambizo. A4 ya kawaida ina sentimita mbili na nusu tupu kila upande, yaani maandishi yenyewe yana upana wa 16 tu. Ukizikata hizo, herufi zinatoka kubwa kuliko zilivyo kwenye karatasi. Mimi natumia ReadEra, haina matangazo, lakini zipo nyingi zinazofanya hivyo. Vitabu vya EPUB havina shida hii kabisa, maandishi yanajipanga upya kwa kioo chochote.

Vya kusoma havikosekani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Kiwix inakuwezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili yote na kuisoma bila intaneti, nayo ni faili dogo ukilinganisha na ile ya Kiingereza. Pakua siku ukiwa na waifai ya bure, usome kijijini.

Hesabu za duka na kikoba

Huhitaji programu ya kulipia. Jedwali la kawaida linatosha, la Google au jingine, mradi uliwashe lipatikane hata bila mtandao. Langu lina safu saba: tarehe, kitu, kilichoingia, kilichotoka, bei ya kununua, bei ya kuuza, kilichobaki. Kwenye simu zinaonekana safu nne na nyingine unazitafuta kwa kidole, na hapo ndipo makosa huingia, unaandika idadi kwenye bei. Kwenye kishikwambi kilicholazwa saba zote zinakaa mbele ya macho.

Nilianza na kitu kimoja tu, rimu za A4. Asubuhi zimeingia 10, jioni jedwali linasema zimebaki 4, nahesabu rafuni nakuta 3. Siku tatu mfululizo inapungua moja. Haikuwa wizi. Rimu ile tulikuwa tunaifungua kwa ajili ya mashine yetu wenyewe ya kopi na hakuna aliyeiandika. Miaka mingi nilidhani kopi ina faida kubwa kuliko iliyo nayo, kwa sababu karatasi zake zilikuwa zinahesabiwa kwenye hasara ya rafu.

Mama mmoja mteja wetu ni katibu wa kikoba. Yeye hukiweka kishikwambi katikati ya meza wakati wa kukusanya hisa, kila mwanachama anaona jina lake likijazwa. Kelele za "mbona mimi nilitoa mbili" zimepungua, anasema. Daftari la karatasi bado analo na wanachama wanasaini humo. Naunga mkono. Kifaa kikiibwa au mtu akibisha, sahihi ya kalamu ndiyo inayosikilizwa. Nakala ya jedwali nayo mtumie mweka hazina kila mwisho wa kikao.

Mwenye kazi ya utafiti atumie KoboCollect au ODK. Fomu inajazwa bila mtandao na kutumwa mkifika penye mtandao.

Kwa mtoto

Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, na chaji ilitoka kwenye vituo vya umeme wa jua kijijini. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya timu mbili, onebillion na Kitkit School. Vifaa vile vilikuwa vikubwa kidogo, inchi 10, lakini tazama walichofanya: programu ilichaguliwa, lugha ilikuwa ya mtoto, na ndani hamkuwa na ovyoovyo.

Nyumbani unaweza kuiga hilo. Mtoto apate akaunti yake chini ya yako kupitia Family Link ya Google, umwekee muda na programu utakazo. Akiwa na umri wa miaka minne au mitano tumia kubandika programu: ukiiwasha kwenye mipangilio ya usalama, anabaki kwenye programu moja na hawezi kutoka bila namba ya siri. Pakua vipindi mapema na uzime intaneti. Kava la mpira lenye mkono wa kushikia ni la lazima. Na nusu saa ikiisha, kirudi juu ya kabati, mzee wa nyumba naye asikifungue hapohapo mbele ya mtoto kuangalia mpira.

Kwa wazazi wetu

Hii ndiyo kazi ambayo sijawahi kuona mtu akiijutia. Kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, ongeza ukubwa wa maandishi na wa vitu vyote kwenye kioo. Simu ukiikuza hivyo inabaki na maneno sita kwa ukurasa, kishikwambi kinabaki na aya nzima. Mama yangu alikuwa ameacha kusoma kwa sababu ya macho, akarudia. WhatsApp siku hizi inakubali vifaa hadi vinne kuunganishwa na namba moja, kwa hiyo simu yake ikabaki ileile na uso wa mjukuu ukaonekana mkubwa. Kuandika hataki. Kibodi ya Google hupokea Kiswahili kwa sauti tangu 2017: anabonyeza kipaza sauti, anasema "hamjambo huko," yanajiandika. Mara nyingine yanajiandika vibaya, tunacheka.

Kinunulie na stendi. Mikono ya mzee isishike gramu 350 kwa saa nzima.

Umeme, joto, vumbi

Betri ya kishikwambi cha inchi 8.7 mara nyingi ni mAh 5,100 hivi, karibu wati-saa 20. Chaja ya wati 10 inaijaza kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Kompyuta mpakato hudai chaja ya wati 45 au 65. Tofauti hiyo maana yake ni kwamba taa ya sola yenye tundu la USB, pawabenki ya mAh 10,000 au tundu la kwenye bodaboda vinatosha, na umeme ukikatika jioni nzima kazi haisimami. Pawabenki hiyo itakijaza mara moja na kitu, wala si mara mbili kama hesabu ya mAh inavyoonyesha, kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani.

Adui wa betri ni joto kuliko kitu kingine. Usikiache kwenye dashibodi ya gari, usikichaji kikiwa juani au chini ya mto. Cha dukani ambacho hukaa kwenye chaja mchana kutwa, kichomoe kikifika asilimia 80 na ukirudishe kikishuka 20 au 30. Baadhi vina mpangilio wa kukomesha chaji hapo, uwashe. Vumbi la chaki na la barabarani huingia kwenye tundu la chaji: litoe kwa kijiti cha meno cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa, si kwa pini.

Kioo kikianza kuinuka upande mmoja au mgongo ukivimba, ni betri. Zima, usichaji tena hata mara moja, usibonyeze ili kirudi, usitoboe. Mpelekee fundi anayejua kuitoa. Kikipasuka kioo, uliza bei ya kioo na ya kifaa kipya kabla hujakubali lolote, maana kwa aina za bei ya chini kioo na ufundi hufika zaidi ya nusu ya kipya.

Siku ukiamua kukiuza, toa laini na memori kadi, hamisha majedwali yako, ondoa akaunti ya Google kwenye Mipangilio, kisha ndipo ukifute. Ukianza kufuta kwanza, mnunuzi atakupigia usiku akiuliza neno lako la siri.